Barua ya wazi kwa Bunge la Vermont: kila mwenye waya kwenye nguzo zetu achangie runinga ya jamii

Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi wa Bunge la Jimbo la Vermont, pamoja nanyi Waheshimiwa Makamishna wa Tume ya Huduma za Umma, Montpelier.

Nawasalimu kwa heshima. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Hii ndiyo lugha ninayoweza kuitumia kulieleza jambo zito bila kumeza maneno, na kwenu hakukosekani mkalimani wa kuwasomea. Zaidi ya hapo, nataka majirani zangu wa Winooski na Burlington, waliotoka Uvira, Fizi, Bukavu, Bujumbura na katika kambi za Kigoma, waisome wao wenyewe, kwa kuwa jambo ninalolileta mbele yenu linahusu fedha ambazo baadhi yao hulipa kila mwezi bila kujua zinakokwenda, na huduma ambayo wengi wao wameitumia bila kujua ni nani anayeigharimia.

Jambo lenyewe ni runinga ya jamii, yaani zile stesheni ndogo zinazoonyesha vikao vya halmashauri, mikutano ya bodi za shule, midahalo ya wagombea na vipindi vinavyotengenezwa na wakazi wenyewe. Fedha zake zinatokana na ada ya wateja wa kebo, na wateja hao wanapungua. Naomba msingi wa ada hiyo ubadilishwe kabla stesheni hazijaanza kufunga milango, na naomba ubadilishwe kwa namna nitakayoieleza, kwa sababu nimesikia majibu mepesi yakitolewa nami siwezi kukubaliana nayo.

Jioni moja ya Februari, mama mmoja jirani yangu alinipigia hodi akiwa na ankara ya kebo mkononi, imekunjwa mara nne kama wito wa mahakama. Alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu mstari mmoja wenye herufi tatu, PEG, na mbele yake kiasi kisichofika dola tano. "Mwanangu," akaniambia, "hawa wananikata hela ya nini? Mimi sijanunua kitu chenye jina hili." Tukaketi mezani, nikamweleza kwamba herufi hizo zinasimamia umma, elimu na serikali, na kwamba fedha ile ndiyo inayoendesha chaneli anayoifungua kila bodi ya shule ya wajukuu wake inapokutana. Nikamweleza pia kwamba kampuni inatandaza nyaya zake kwenye nguzo zilizosimama kando ya barabara za umma, na kwamba sheria inawaruhusu wenye barabara kudai malipo. Alinyamaza kidogo. Mama huyu aliuza ndagala katika soko la Uvira kwa miaka mingi, na kila asubuhi, kabla hajapanga fungu la kwanza, mtoza ushuru alikuwa ameshafika mezani kwake. "Kumbe ni ushuru wa soko," akasema. "Hapo nimeelewa. Ila kule kwetu hata muuza makaa alilipa."

Waheshimiwa, hoja yangu yote imo katika maneno hayo ya mwisho ya mama, na sehemu iliyobaki ya barua hii ni kuyafafanua.

Mpango huu ulikuja kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kebo ambayo Bunge la Marekani liliipitisha mwaka 1984. Kabla ya hapo mambo yalikuwa yakiyumba. Manhattan ilipata chaneli za umma mwaka 1971 kama sharti la leseni za kebo zilizotolewa na jiji la New York. Mwaka 1972 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ikazitaka kampuni za kebo katika masoko 100 makubwa ya nchi zitenge chaneli za aina hiyo, lakini mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ikazitangua kanuni za Tume kwa kusema haikuwa na mamlaka ya kuziweka. Sheria ya 1984 iliwapa mamlaka hayo wale wanaotoa leseni. Iliwaruhusu kudai chaneli za umma, elimu na serikali, ikaizuia kampuni isijifanye mhariri wa yanayosemwa humo, ikaruhusu ada ya leseni isiyozidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya huduma ya kebo, na ikaipa kampuni haki ya kuiandika ada hiyo kwenye ankara ya mteja. Kwa mteja anayelipa dola 80 za runinga, asilimia 5 ni dola 4. Hizo ndizo zilizozungushiwa kalamu nyekundu.

Katika sehemu nyingi za nchi hii leseni hutolewa na mji, na mara kwa mara ada huingia kwenye mfuko mkuu wa mji ikamalizikia kwenye matumizi mengine. Vermont ilichagua njia yake. Leseni hutolewa na Tume yenu kwa niaba ya jimbo zima, na fedha hupelekwa kwa mashirika yanayoziendesha stesheni. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na ndiyo sababu jimbo hili dogo lenye vijiji vilivyotawanyika milimani lina vituo zaidi ya 20 vya runinga ya jamii. CCTV, shirika la runinga ya jamii la Burlington, lilianzishwa mwaka uleule wa 1984, na leo chaneli yake ya Town Meeting TV hurusha vikao vya miji na midahalo ya wagombea. Media Factory ilizaliwa mwaka 2019 kwa kuunganishwa stesheni mbili za jamii, VCAM na RETN, na mkazi yeyote anaweza kwenda pale kujifunza kamera na uhariri. Bernie Sanders alipokuwa meya wa Burlington, kati ya mwaka 1986 na 1988, alikuwa na kipindi chake katika runinga ya jamii, akienda kuongea na watu madukani na bustanini, na kanda hizo zimehifadhiwa hadi leo. Asingekuwapo mtu wa kuzitunza, zingekuwa takataka zamani sana.

Nitaeleza ninavyoijua kazi hii mimi mwenyewe, kwa sababu najua kwamba mezani kwenu zinafika hesabu nyingi na watu wachache.

Katika majira yangu ya kwanza ya baridi hapa, taa za njano zilianza kumwekamweka mtaani jioni moja, theluji ikiwa imeanza kushuka. Nilidhani zinaonya juu ya ajali iliyotokea mbele. Nilipaki gari kando ya barabara kama siku zote, nikalala, na asubuhi nikakuta alama za magurudumu tu, nazo zimeshafunikwa nusu. Taa zile zilikuwa zinatangaza kwamba usiku ule ni marufuku kuegesha barabarani ili greda za theluji zipite. Kila mzaliwa wa hapa analijua hilo tangu utotoni. Mimi nililijua kwa kulipa gharama ya kuvutwa kwa gari na faini juu yake, fedha ambazo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya makoti ya watoto, na bado nilichelewa kazini siku mbili.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda studio na wenzangu wawili tukarekodi kipindi cha dakika sita kuhusu taa hizo, kwa Kiswahili na Kirundi. Tulirekodi mara tatu. Mara ya kwanza msimulizi wetu aliongea vizuri kabisa, lakini kila alipovuta pumzi ulisikika mlio mdogo kama wa sarafu. Fundi wa studio, kijana asiyejua neno hata moja la Kiswahili, alivua vipokea sauti masikioni, akasogea, akagusa kola ya shati lake mwenyewe kwa kidole. Kilichokuwa kikilia ni mkufu wa msimulizi, uliokuwa ukigonga maikrofoni iliyobanwa kifuani pake. Aliuvua, akautia mfukoni, tukaanza upya. Kijana yule alikaa nasi hadi saa tatu usiku, akatufundisha kukata picha na kuweka maandishi chini yake, na hakuna kati yetu aliyeombwa hata senti moja. Kipindi kilirushwa. Majira ya baridi yaliyofuata, wanawake wawili niliokutana nao dukani waliniambia kuwa waliyahamisha magari yao kwa sababu walikiona. Mshahara wa kijana yule, maikrofoni ile, hata umeme wa taa zilizotumulika usiku ule, vyote vililipwa kwa dola 4 za wateja wa kebo.

Mwaka 2020 korona ilipoingia, maagizo ya afya yalikuwa yakibadilika kila wiki, nayo yakitoka kwa Kiingereza. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo leo inaitwa Vermont Language Justice Project, iliyopata makazi yake ndani ya CCTV, ikatengeneza video fupi za maelezo kwa lugha zaidi ya kumi, Kiswahili kikiwamo. Wazee wetu walielezwa na mtu anayeongea kama wao mahali pa kupimwa, namna ya kukaa karantini, na mahali pa kupata chanjo. Video zile zilifika kwenye simu za watu kupitia WhatsApp, lakini simu haikuzitengeneza. Zilihitaji wakalimani, kamera, mhariri, na shirika ambalo tayari lilikuwa na milango iliyofunguliwa na watu waliozoea kufanya kazi na wageni. Shirika kama hilo haliwezi kuundwa ndani ya wiki moja ugonjwa ukiwa umeshaingia mjini.

Sisi tuliopitia kambini tunaijua thamani ya chombo cha habari kinachomsemesha mtu kwa lugha yake. Redio Kwizera, ambayo Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi liliianzisha Ngara, Tanzania, mwaka 1995, ilitueleza ni siku gani mgao utachelewa, ni wapi kuna kipindupindu, na ni nani anamtafuta ndugu yake. Wengi wetu tuliamini habari baada ya kuisikia humo, hata kama tangazo lilikuwa limeshabandikwa kwenye mbao za kambi. Ile ililipiwa na wafadhili. Hapa Vermont mlijenga kitu bora zaidi, chombo ambacho wananchi wenyewe wanakigharimia na kukitumia, na ndiyo maana inaniuma kukiona kikinyauka taratibu.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya jimbo hili hasa. Mwaka 2021 ninyi, Waheshimiwa wabunge, mliitengua kura ya turufu ya gavana na kuipa miji ya Winooski na Montpelier ruhusa ya kuwaacha wakazi halali wasio raia wapige kura katika chaguzi za mji. Mwaka 2023 mkafanya hivyohivyo kwa Burlington, na Mahakama ya Juu ya Vermont mwaka huohuo ikaona kwamba utaratibu wa Montpelier hauvunji Katiba ya jimbo. Mimi ni mmoja wa watu mliowapa kura hiyo. Jumanne ya kwanza ya Machi, Siku ya Mkutano wa Mji, naingia kwenye chumba cha kura nikiwa sijawa raia bado, na naulizwa nani awe diwani, bajeti ya shule iwe kiasi gani, na mji ukope au usikope. Nitayajua wapi mambo hayo? Runinga kubwa za kibiashara haziwezi kuleta kamera kumhoji mgombea udiwani wa mji wenye watu karibu 8,000. Town Meeting TV inawaita studio wagombea wote, inawauliza maswali yaleyale, na inaiacha video ipatikane mpaka siku ya kura, hivyo mwanangu anaweza kuisimamisha kila baada ya sentensi mbili akanitafsiria. Kuwapa watu kura na kisha kuiacha ikauke chemchemi wanayochota habari za kura hiyo ni mambo mawili yasiyopatana.

Sasa nije kwenye tundu lenyewe. Utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba Wamarekani watu wazima waliokuwa wakipata runinga kwa kebo au setilaiti walikuwa asilimia 56, wakati mwaka 2015 walikuwa asilimia 76. Katika jengo ninaloishi sihitaji mtafiti kunieleza. Mama mwenye ankara nyekundu bado ana kebo kwa sababu ameizoea rimoti yake. Watoto wake wawili wanaokaa ghorofa ya juu wana intaneti tu, wanatazama mpira na tamthilia kwa intaneti, tena wanatazama hata vikao vya mji kwa intaneti. Wote watatu wanahudumiwa na kampuni moja, kwa waya mmoja unaotoka kwenye nguzo moja mbele ya jengo letu. Yule mama, aliye mzee na mwenye kipato kidogo kuliko wote, ndiye peke yake anayelipa ushuru.

Haya hayakutokea kwa bahati mbaya tu. FCC iliamua mwaka 2002 kwamba intaneti inayopita kwenye nyaya za kebo haihesabiwi kuwa huduma ya kebo, kwa hiyo mapato yake yakatoka nje ya asilimia 5. Mwaka 2019 ikaenda mbali zaidi. Ilisema huduma nyingi ambazo kampuni inazitoa bila fedha taslimu kwa mujibu wa leseni nazo zihesabiwe ndani ya kikomo kilekile cha asilimia 5, na ikawazuia wanaotoa leseni kuzitoza kampuni za kebo ada kwa ajili ya intaneti. Mji wa Eugene, Oregon, uliokuwa ukitoza asilimia 7 kwa huduma ya intaneti na kuungwa mkono na Mahakama ya Juu ya Oregon mwaka 2016, ulikwenda kupinga. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Mzunguko wa Sita ililegeza kidogo, ikasema huduma hizo zithaminiwe kwa gharama halisi ya kampuni wala si kwa bei ya soko, lakini sehemu kubwa ya uamuzi wa FCC ikaiacha isimame.

Kwa hiyo najua, Waheshimiwa, kwamba hamuwezi kuamka kesho mkaandika asilimia 5 mbele ya neno intaneti. Sheria ya Marekani inakataza majimbo kutoza kodi huduma ya kuunganishwa na intaneti, na mwanasheria wa kampuni angefika mahakamani kabla wino haujakauka. Najua pia kwamba katika majimbo mengine watu wanatazama upande wa kampuni zinazorusha filamu na vipindi kwa intaneti, na katika Bunge la Massachusetts umewasilishwa mswada wa kuzitoza asilimia ya mapato yao. Mimi sipingi jirani yetu akijaribu. Lakini mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba Netflix na Hulu hazihitaji kibali cha jimbo hilo wala hazidaiwi ada yake, kwa kuwa wao hawafungi nyaya katika njia za umma. Nikiusoma uamuzi huo kwa jicho la mama muuza ndagala, naona unatuonyesha mlango. Wa kutozwa ushuru ni mwenye meza sokoni, yaani mwenye waya.

Ndiyo maana naliunga mkono kwa moyo wote wazo ambalo limeshafika mbele yenu, la kuanzisha mfuko wa runinga za jamii unaochangiwa na kila kampuni ya mawasiliano iliyofunga nyaya zake kwenye nguzo za jimbo hili, kwa kuhesabu nguzo. Ada ya namna hiyo haiulizi kama ndani ya waya kunapita mpira, barua pepe au simu. Haimlengi mwenye kebo peke yake. Inauliza swali moja tu: umechukua nafasi kiasi gani katika njia ya umma? Nayo haitapungua kila mteja anapobadilisha mazoea yake ya kutazama, kwa sababu nguzo hazihami.

Lipo tatizo moja la kweli katika wazo hili na nisingependa mlipite juu juu. Miji mingi imeungana katika wilaya za mawasiliano, zinazosaidiwa na Bodi ya Intaneti ya Jamii ya Vermont iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2021, ili kupeleka nyaya za faiba katika maeneo ambayo kampuni kubwa ziliyakataa kwa kuwa hayana faida. Huko nyumba ziko mbalimbali. Kampuni ya mjini inaweza kuwa na wateja wengi kwa nguzo moja, wakati wilaya ya kijijini inahitaji nguzo nyingi kumfikia mteja mmoja mwisho wa barabara ya vumbi. Ada ileile kwa kila nguzo ingemwumiza yule aliyekwenda kumhudumia mnyonge. Naomba basi wilaya hizo za umma zisamehewe, au zitozwe kiwango kidogo sana, na kiwango cha wengine kipangwe kwa kuangalia wingi wa wateja katika eneo. Hata katika soko la Uvira mwenye kibanda cha bati hakutozwa sawa na aliyetandika kitambaa chini.

Watakuja watu mbele yenu waseme kwamba runinga za jamii zimepitwa na wakati, kwa kuwa kila mtu ana simu na YouTube haidai malipo. Naomba muwaulize ni nani atakwenda na hiyo simu kwenye kikao cha bodi ya mipango miji Jumanne usiku, akae kwa muda wa saa nne, aweke maikrofoni mbele ya kila mjumbe, kisha arudi tena wiki mbili baadaye, na wiki mbili baada ya hapo, kwa miaka 30. Ninyi wenyewe, kwa sheria mliyoipitisha mwaka 2024, mmezitaka halmashauri na bodi za miji zirekodi vikao vyake na kuziweka rekodi hizo mahali wananchi watakapozipata. Nawapongeza kwa sheria hiyo. Lakini mji mdogo wenye karani mmoja anayefanya kazi siku tatu kwa wiki utairekodije mikutano yake, usipokuwapo mtu wa runinga ya jamii aliyezoea kazi hiyo? Mmewaongezea watu mzigo wakati ambapo punda anakonda.

Wengine watasema kampuni zitamrudishia mteja ada hiyo kwenye ankara. Huenda zikafanya hivyo. Hata hivyo mzigo ukigawanywa kwa wote wanaotumia nyaya, kila mmoja atabeba kidogo kuliko zile dola 4 ambazo leo anabebeshwa mama mmoja kwa niaba ya jengo zima. Na ninaposema wote, namaanisha pamoja na mimi mwenyewe. Nilikata kebo miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo kila nilipoingia studio nilikuwa nakula chakula nilichokuwa nimeacha kukichangia. Nitalipa bila kinyongo.

Ruzuku za mara moja kutoka hazina ya jimbo zimesaidia, na tunazishukuru, lakini msiridhike nazo. Mkurugenzi wa stesheni asiyejua kama mwaka ujao atapata fedha hawezi kumwajiri fundi kwa mkataba wa kudumu, na mkalimani anayeitwa mwezi huu na kuachwa mwezi ujao hutafuta kazi kwingine. Tena iko hatari kubwa zaidi. Chombo kinachorekodi vikao vya serikali hakipaswi kuwa kinapiga magoti kila mwaka mbele ya serikali hiyohiyo kuomba posho. Ada iliyowekwa na sheria, inayoingia bila kuombwa, ndiyo iliyozilinda stesheni hizi kwa miongo kadhaa.

Kwenu Makamishna nina ombi la pekee. Mwaka 2017 jimbo liliweka sharti katika leseni kwamba vipindi vya runinga za jamii vionekane kwa majina yake kwenye orodha ya vipindi inayojitokeza katika skrini ya mteja, na suala hilo likapelekwa mahakamani na kampuni. Naomba msichoke kulidai kila leseni inapofanyiwa upya. Mtu akipitisha rimoti yake akakuta maneno "kipindi cha jamii" saa 24, siku saba, hawezi kujua kwamba saa moja na nusu jioni kuna mdahalo wa wagombea, au kwamba saa mbili kuna kipindi kwa lugha yake. Chaneli isiyoweza kupatikana haina tofauti na chaneli iliyofungwa, na kisha watu hutumia uchache wa watazamaji kuwa hoja ya kuifunga.

Na kwenu nyote naomba kwamba mfuko huo ukiundwa, sehemu yake itajwe ndani ya sheria kwa ajili ya lugha. Sisemi iwe kubwa. Iwe ya kutosha kulipa wakalimani wanaoandika maneno chini ya picha za vikao vikuu vya mwaka, bajeti ya shule ikiwa ya kwanza, na kutengeneza maelezo ya dharura kabla dharura haijafika. Mafuriko ya Julai 2023 yalizamisha katikati ya Montpelier, nje ya madirisha yenu. Onyo la maji linapotolewa, mtu ana saa chache tu za kulielewa.

Nasikia kwamba miswada ya namna hii husikilizwa kwanza katika kamati, na kwamba mkazi yeyote anaweza kuomba kutoa ushahidi. Naomba kusikilizwa. Nitakuja na yule mama, ambaye ameshaniambia kuwa ataibeba ankara yake, na atahitaji mkalimani wa Kiswahili. Naomba pia kikao hicho kirushwe na runinga ya jamii yetu, kwa sababu majirani zetu wa jengo zima wameahidi kutazama, yeye kwenye kebo yake ghorofa ya chini atakapokuwa amerudi, na sisi wengine kwa intaneti, kupitia waya uleule.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mkazi wa Winooski, mzaliwa wa Uvira